Kalkulasi: kanuni wanazijua, alama hawazielewi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo linaniuma kweli. Mimi nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Morogoro, wengi wanaokuja ni vijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu). Juzi kijana mmoja, ana akili sana tu, kaulizwa derivativu, yaani mteremko wa grafu, ya x² pale x ikiwa 3, akaweka 3 kwanza akapata 9, halafu akadifrenshieti 9 akapata 0, kwa sababu namba peke yake derivativu yake ni 0, akapiga mstari chini akafunga daftari. Jibu ni 6. Na 2x, derivativu ya x², anaitoa hata usingizini, ila hajawahi kuambiwa kwamba f′(3), yaani derivativu pale x ikiwa 3, maana yake unatafuta kwanza f′(x) yote, 3 unaiweka mwishoni.

Mwingine alikata d ya juu na d ya chini kwenye dy/dx, alama nyingine ya derivativu, ikabaki y/x. Sikumlaumu, tangu shule ya msingi tumemfundisha kwenye sehemu kwamba kinachofanana juu na chini kinakatwa, sasa atajuaje kwamba hiyo d siyo namba? Leibniz, Mjerumani aliyechapisha alama hizi mwaka 1684, d aliitoa kwenye neno la Kilatini lenye maana ya tofauti, yaani dy ni badiliko dogo mno la y na dx ni badiliko dogo mno la x. Newton kule Uingereza yeye aliweka nukta juu ya herufi, na hako ka alama ka f′ tunakahusisha na mwanahisabati Lagrange. Maandishi tofauti, kitu kile kile. Kulieleza hilo ubaoni haimalizi hata kipindi kimoja.

Ila kinachonikosesha raha zaidi ni domeni, zile namba ambazo fankisheni (kanuni inayopokea namba na kutoa namba) inazikubali. Chukua ln x (logi asilia ya x), derivativu yake 1/x, hiyo wote wanaijua. Mwambie mwanafunzi akutafutie mteremko pale x ikiwa −2, atakupa −1/2 bila kusita, na kweli 1/x ukiipa −2 inakubali, hapo ndo mtego ulipo! Kwa hesabu za ngazi yao ln x haina kitu kwa namba hasi, grafu yote iko kulia kwa sifuri na kushoto ni patupu, sasa huo mteremko ni wa mstari upi? Au kipeuo cha pili cha x, 0 inaipokea vizuri, lakini derivativu yake ni 1/(2√x), ukiweka 0 unagawanya kwa sifuri, maana grafu pale inaanza ikiwa wima. Domeni ya derivativu inaweza kupungua, kuzidi ya fankisheni yenyewe haiwezi.

Mimi nawapa mfano wa basi la kutoka Dar kuja huku. Umbali unategemea muda, na ule mshale wa spidi mbele ya dereva ndo derivativu, spidi ya pale pale unapotazama, siyo wastani wa safari nzima. Basi likishaingia Msamvu abiria wakashuka, huwezi tena kuuliza spidi ya safari ile saa mbili mbele, hata kama fomula uliyonayo inakutolea namba.

Nimeona noti za shule moja, mada inaanza na jedwali la kanuni moja kwa moja, halafu pastpepa, halafu pastpepa tena. Walimu wenzangu, kabla ya cheni ruli (kanuni ya derivativu ya fankisheni iliyo ndani ya nyingine) wapeni watoto kipindi kimoja cha alama na kimoja cha domeni, na wewe Mhariri kama kwenye ukurasa wa elimu inawezekana kuweka kona ya hesabu kwa Kiswahili, mimi niko tayari kuandika bure.

Yule kijana wa 9 na 0 nimemchorea grafu ya x² kwenye grafu pepa, akaweka rula ikagusa pale x ni 3, akapima mwenyewe, akapata 5.8.

Mwalimu wa tuisheni,
Morogoro