Barua kwa Rajabu: kijani katika dini yetu

Chang'ombe, Dodoma
Januari

Ndugu yangu Rajabu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imenifikia salama, na nimefurahi kusikia kwamba madrasa imekwisha kuezekwa na kilichobaki ni ubishi wa rangi. Umeniuliza kama ni kweli, kama anavyodai mzee mmoja wa kamati yenu, kwamba kijani ni rangi ya dini na kuiacha ni kasoro, au kama haki iko kwa yule kijana anayemjibu kwamba jambo lote hilo ni uzushi. Kwa maoni yangu wote wawili wamepita kiasi, ingawa mzee yuko karibu zaidi na kiini cha jambo.

Hakuna aya wala hadithi inayotuamuru kuipaka nyumba ya ibada rangi ya kijani. Kilichopo ni kwamba Qurani inapoisimulia Pepo, rangi hiyo hurudiwa tena na tena: katika Al-Kahf, aya ya 31, na katika Al-Insan, aya ya 21, watu wa Peponi wamevishwa hariri ya kijani, nyepesi na nzito, na katika Ar-Rahman wameegemea mito ya kijani, baada ya kutajwa bustani mbili ambazo ukijani wake umekolea hata kukaribia weusi.

Wewe unayeishi Lushoto, ambako migomba haijui kiangazi, huenda usiuhisi uzito wa maneno hayo kama tunavyouhisi sisi huku Ugogoni. Kuanzia Mei hadi Novemba hatuoni mvua ya maana; mibuyu husimama mitupu, vumbi huingia hadi ndani ya makabati, na mifugo hutafuna mabua makavu ya mtama. Kisha mvua za Desemba zikishika sawasawa, siku chache tu zinatosha migunga kuchipua na majani mapya kutokeza pale pale palipokuwa na udongo mtupu. Ndivyo inavyosema aya ya 63 ya Al-Hajj, kwamba Mwenyezi Mungu huteremsha maji kutoka mbinguni na ardhi ikawa chanikiwiti, na hiyo ni hoja iliyoelekezwa kwanza kwa watu wa Hijazi, nchi ya Makka na Madina, waliokuwa wakiujua ukame kuliko sisi. Tena Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kutoka kwa sahaba Abu Huraira kwamba Khidhri, yule mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa, aliitwa kwa jina hilo, lenye maana ya kijani, kwa sababu alikaa juu ya ardhi nyeupe isiyo na mmea, nayo ikatikisika nyuma yake ikiwa ya kijani. Kwa hiyo ninaamini kwamba kijani kilipata heshima yake kwa kuwa ni alama ya uhai unaotolewa na Mungu mahali ambapo mwanadamu hakuutarajia, na mengine yote yalifuata baadaye.

Hayo mengine ni historia, na siasa imo ndani yake. Katika koo mbili zilizotawala dola ya Kiislamu kwa kufuatana, Bani Umayya walijulikana kwa rangi nyeupe na Bani Abbas kwa nyeusi. Mwaka 817 Al-Ma'mun, khalifa wa Bani Abbas, alipomteua Ali al-Ridha, wa kizazi cha Mtume, kuwa mrithi wake, aliamuru nyeusi iachwe na kijani kishike nafasi yake, lakini mwaka 819, mrithi huyo akiwa amekwisha kufariki, nyeusi ilirudishwa Baghdad. Huko Misri, sultani wa Wamamluki, Al-Ashraf Sha'ban, aliwaagiza masharifu, yaani watu wa kizazi cha Mtume, wavae alama ya kijani kilembani ili watambulike. Hata kuba la Madina, lililo juu ya kaburi la Mtume, ambalo mzee wenu bila shaka analitaja katika kila kikao, lilijengwa mwaka 1279 na halikupakwa kijani mpaka mwaka 1837.

Kijana naye asidhani ameshinda. Abu Rimtha alisimulia kwamba alimwona Mtume (S.A.W.) amevaa nguo mbili za kijani, na simulizi hiyo imo katika vitabu vya hadithi vya Abu Daud na Tirmidhi. Ni kweli kwamba vazi tulilohimizwa ni jeupe, kwa walio hai na kwa sanda za maiti, lakini tazama jinsi desturi yetu ilivyoziweka rangi hizo mbili pamoja bila ugomvi: maiti amo ndani ya sanda nyeupe, na juu ya jeneza tumetandika shuka ya kijani yenye kalima iliyodariziwa kwa uzi wa dhahabu. Shuka hiyo haiingii kaburini. Baada ya maziko hukung'utwa vumbi, hukunjwa na kurudishwa msikitini kumngoja mwingine. Hakuna anayeiona kuwa ni faradhi, lakini siku isipoonekana watu huiulizia.

Kama kamati itanisikiliza, kuta ziwe nyeupe, ndani na nje, na milango, madirisha na kuba dogo la mbele yapewe kijani kilichoiva. Nakusihi tu kwamba fundi asiongeze mistari ya njano kwa kutaka kupendezesha, maana hapa Dodoma, penye makao makuu ya Chama Cha Mapinduzi, chenye rangi za kijani na njano, jengo la namna hiyo watu wangelibishia hodi kuulizia kadi za uanachama.

Msalimie mama, na watoto wote.

Wako katika dini,
Shabani