Barua kwa mwanangu: kwa nini nlikataa kutia saini

Mwanangu kipenzi,

Assalamu alaykum. Najua umekasirika kwa vile sikutia saini ule mkopo wa kukodi siti, yaani kuendesha gari ya timu ya watu kwenye mbio. Tangu Ijumaa hujanipigia simu na mamako anasema siku tatu hizi umekula huko kwa rafiki zako, basi naona nikuandikie manake tukizungumza mimi napandisha sauti na wewe unapandisha, tunaishia kugombana gerejini mbele ya wateja. Soma pole pole, usome mpaka mwisho.

Uliniambia siamini kipaji chako. Neno hilo limenikosesha usingizi, wallahi. Mimi ndo nimekubeba na kile kigari cha go-kart nyuma ya pikapu tangu una miaka 9, mvua inanyesha, mamako amekasirika, tunakwenda tu. Mimi ndo nlikuwa nimesimama kwenye waya pale South Boston, uwanja wa mbio hapa Virginia, usiku ule gari ya mbele yako ilipoteleza ukaachia mafuta kidogo tu, hukupiga breki kama wote walivyopiga, ukapita chini yake kama maji. Treki yenyewe, ile njia ya mzunguko, ni mita 640 hivi, hakuna nafasi ya kufikiria, ama mguu unajua au haujui. Mguu wako unajua. Nimefanya ufundi wa magari miaka 30, Mombasa na hapa Virginia, nimewaona madereva wengi sana, na nakwambia kama fundi sio kama baba: unacho.

Na mapenzi ya haya mambo usidhani umeyaokota Marekani. Mwaka 1994 nlikuwa kijana wa spana pale Mombasa, gereji nzima tumezunguka redio moja, dereva wetu Patrick Njiru anamaliza wa 4 kwenye Safari Rally na Subaru yake, watu wanapiga makopo ya mafuta kama ngoma. Nlikuwa nalala na ndoto ya usukani. Sikuwa na njia. Kwa hiyo ukiniambia unataka iwe kazi yako ya maisha, mimi sicheki, nakuelewa kuliko unavyofikiri.

Sasa kwa nini nlikataa kutia saini ya mkopo. Nlikwambia hapana nikanyamaza, na hapo nimekosea, ningekueleza palepale.

Ile Jumatano tulipokwenda kwa hao jamaa upimwe siti, wewe ulikuwa unaongea na mwenye timu, mimi nikainama ndani ya gari kama ninavyoinama kila gari. Nikashika mikanda. Mikanda ya mbio unajua ina lebo ya tarehe, ikipita miaka 2 inatakiwa ibadilishwe hata kama yaonekana mipya, manake uzi wake unachoka na jua na jasho na mafuta. Ile lebo haikuwepo. Nikapitisha kidole, nikakuta kipande kidogo kimebaki, ukingo wake umenyooka. Haikuchanika ile, imekatwa na mkasi. Mtu amekaa chini na akili yake timamu akakata tarehe ya mkanda utakaomshika mtoto wangu kifuani.

Nikasoma na ule mkataba, wewe ulisoma ukurasa wa kwanza tu. Ndani wameandika ukigonga unalipa wewe, hata aliyekugonga awe mwingine. Injini ikifa mkononi mwako unalipa wewe. Halafu kule chini kabisa, maandishi madogo, pesa za zawadi na kombe ni mali ya timu. Yaani ukope, ulipe, uhatarishe shingo yako, ushinde, halafu kombe likae kwenye kabati la mtu mwingine. Bibi yako alikuwa akisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na siti ya kukodi ni hivyo hivyo.

Hapo kwenye kombe ndipo nlipokwama, na ntakwambia kwa nini.

Ile barabara ya Wendell Scott Drive hapa Danville umeipita mara ngapi? Nami nlikuwa naipita tu miaka ya mwanzo. Mpaka mzee mmoja mteja wangu, gari yake nimeipandisha kwenye jeki, akanihadithia nikasahau kabisa nlikuwa natengeneza nini. Huyo Scott, dereva mweusi wa mbio, amezaliwa Danville hapa hapa mwaka 1921. Aliendesha teksi, jeshini wakati wa vita kuu ya pili alikuwa fundi magari huko Ulaya, akarudi akafungua gereji, na usiku alikuwa anabeba pombe ya magendo, polisi wakimfukuza, mara moja tu ndo walimpata. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio pale viwanja vya maonyesho vya Danville walitaka dereva mweusi ili watu wajae kuja kutazama, wakaenda kuwauliza polisi nani mweusi mwenye mbio hapa mjini. Polisi wakamtaja yeye! Sasa fikiria, wamemwita kama kivutio, kama sarakasi, naye akaja na kufanya kazi. Alipojaribu mbio za NASCAR, kile chama kikubwa cha mbio za magari Marekani, kule Winston-Salem wakamwambia watu weusi hawaruhusiwi, akaburuta gari yake akarudi nyumbani. Siku 12 tu baada ya ile mbio yake ya kwanza akashinda Lynchburg.

Baada ya hapo ni miaka ya treki fupi, vumbi na lami, usiku baada ya usiku. Mwaka 1959 akawa bingwa wa Virginia daraja la Sportsman. Mwaka 1961 ndo akaingia daraja la juu la NASCAR, mtu wa miaka 39 huyo, na gari yake mwenyewe namba 34, mafundi wake ni watoto wake. Vipuri alikuwa ananunua vya mitumba kutoka kwa timu kubwa.

Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville kule Florida, treki ya udongo ya nusu maili, raundi 200. Gari aliyokuwa nayo ni Chevrolet ya mwaka uliopita aliyoinunua kwa dereva mwenzake Ned Jarrett. Zikibaki raundi 25 akampita Richard Petty. Huyo Petty unayemjua, yule mfalme wao. Scott akamaliza raundi zake zote, bendera ya kumaliza haipepei. Akaongeza ya 201, akaongeza ya 202. Bendera wakampigia dereva mwingine, Buck Baker, ndo akapewa kombe, akapigwa picha na yule binti wa kukabidhi zawadi. Scott akalalamika wahesabu tena. Wamehesabu masaa, watu wameshakwenda zao, ndo wanakiri ni kweli, yeye Scott ndo ameshinda na amemtangulia Baker raundi 2. Kombe limeshaondoka. Mwenyewe alikuwa akisema hawakutaka mtu mweusi aonekane akipokea busu la msichana mzungu mbele ya umati ule.

Amefariki mwaka 1990 kombe lile hajalishika. Mwaka 2015 wamemwingiza kwenye jumba la watu mashuhuri wa NASCAR, na mwaka 2021 ndo wakaikabidhi familia yake kombe kule Daytona. Miaka 58, mwanangu. Hesabu mwenyewe.

Sasa mimi ninachokiona kwenye habari hii labda si kile wanachokiona wengine. Walimnyima kombe siku ile lakini gari hawakuweza kumnyima, manake ilikuwa yake. Aliipakia, akarudi nayo Danville, akaendelea kushindana karibu miaka 10 mingine mpaka ile ajali kubwa ya treki ya Talladega 1973. Mbio 495 za daraja la juu, mara 147 ndani ya kumi bora, mwaka 1966 akamaliza msimu akiwa wa 6. Angekuwa amekodi siti ya mtu, baada ya Jacksonville wangemwambia tu asante usirudi tena, na leo hakuna hata barabara ya jina lake. Ushindi uliofuata wa mtu mweusi kwenye zile ngazi tatu za taifa za NASCAR ulikuja Oktoba 2013, Bubba Wallace, mbio za pikapu, na ulikuwa wapi? Treki ya Martinsville hapo, tunapokwenda kila mwaka. Wewe ulikuwa mdogo umeshika mkono wangu siku ile niliporuka nikamwaga soda.

Kwa hiyo mimi sikatai mbio. Nakataa siti ile.

Halafu kuna jambo jingine nataka uliondoe kichwani, hili la kwamba usipofika daraja la juu la Jumapili kwenye televisheni basi umeshindwa. Hapana. Treki fupi yenyewe ni kazi kamili. Richie Evans wa Rome, New York, gari yake ya rangi ya machungwa namba 61, alikuwa bingwa wa taifa wa Modified, daraja la magari ya mbio yaliyoundwa upya, mara 9, ikiwemo 8 mfululizo kuanzia 1978 mpaka 1985, na maisha yake yote ni hizi hizi treki ndogo za Ijumaa na Jumamosi usiku. Hajahamia kwa wakubwa na jumba la mashuhuri wamemweka, mwaka 2012. Na hapa mjini kwetu yuko Peyton Sellers, bingwa wa taifa wa mbio za kila wiki mwaka 2005 na tena 2021, miaka 16 katikati, na bado unamkuta South Boston. Mtu hawi vile kwa kukodi. Anakuwa vile kwa kuijua gari mpaka usingizini.

Nimemtaja Evans, basi niseme yote, sitaki kukuficha. Alifariki Oktoba 1985 mazoezini Martinsville, miaka 44. Mamako anajua habari hiyo, mimi ndo nlimwambia zamani kabla sijajua itakuja kumkaa rohoni hivi. Ile treki ni kama klipu ya karatasi, mita 850 hivi, mistari miwili mirefu na kona zimebanwa, nyuzi 12 tu za mwinamo, unafika kasi halafu unabana breki mpaka diski zinawaka nyekundu, usiku unaziona. Siku hizi kuna kile kifaa cha HANS cha kushika kichwa na siti zinazomkumbatia mtu vizuri, mambo yamebadilika sana. Lakini vyote hivyo vinafungwa na mkanda, na mkanda ndo ule waliokata lebo. Unaona sasa kwa nini sikuweza hata kuongea vizuri siku ile? Nlikuwa natetemeka.

Nataka ujenge gari yako na mimi. Unajua kuendesha, hujajua bado kwa nini gari inafanya inachofanya. Ukisema pua haitaki kuingia kona, unanitazama mimi nifanye kitu. Nataka siku moja ujue mwenyewe, kwamba tairi za kulia zikizidi za kushoto mzunguko kiasi kidogo tu gari inapinda kushoto yenyewe, na ukizidisha mkia unakutoka ukikanyaga mafuta. Ujue ukikaza springi ya kona moja uzito unahama kona nyingine. Usiku lami inapopoa gari ile ile inakuwa gari nyingine, na dereva anayejua hilo anaitengeneza saa kumi jioni kwa ajili ya saa tatu usiku. Haya siwezi kukufundisha kwenye gari ya mtu, watakwambia funga mdomo uendeshe.

Pesa. Najua utauliza pesa, seti moja tu ya tairi inakula karibu mshahara wangu wa wiki nzima. Unakumbuka zile tulizokuwa tunaweka za kiwanja cha Mtwapa? Mamako ndo amezungumza, sio mimi. Jumapili baada ya kuswali alfajiri amekaa kitandani akaniambia, huyu mtoto ataendesha tu, ukimkataza atakwenda kwa hao wenye mkasi, afadhali aendeshe gari uliyoikaza nati wewe. Kisha akalia kidogo, akaenda kazini. Kiwanja kitangoja. Mikanda ntanunua mipya mimi, kila inapofika tarehe yake, na lebo utaisoma wewe mwenyewe kabla ya kila mbio, hilo ndo sharti langu la kwanza. La pili uendelee na kazi ya mchana, Scott alikuwa na gereji na wewe unayo ya babako.

Nimeshapata chesisi ya Late Model, zile gari za treki fupi. Mzee mmoja upande wa Martinsville anaiuza, amekata bei kwa sababu mbele kulia imepinda. Nimekwenda kuipima na uzi, chuma kikuu kiko sawa, ni ule mkono wa mbele tu, tunaukata tunachomelea mwingine. Injini tutatafuta taratibu, mwaka huu labda tutakimbia nusu ya msimu, labda robo. Tukipata chochote, kikombe cha plastiki hata, kinakaa nyumbani kwetu.

Jumamosi naichukua na trela saa mbili asubuhi. Njoo, hatuna haja ya kuongea njiani kama hutaki. Na ile renchi ya torki uliyoichukua mwezi uliopita uje nayo, sina nyingine.

Babako