Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Tanga

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita mlituagiza tuache kupima kwa mkono seva zenu, zile kompyuta zinazotunza rekodi za wagonjwa. Tumeacha. Siku hizi ikifika saa nane usiku, kompyuta ya ofisini kwetu Ngamiani inaanza kazi yenyewe: inaiomba kila seva hati ya kujieleza, ile inayotaja inachoweza kufanya chini ya FHIR, kiwango cha kimataifa cha mifumo kubadilishana taarifa za afya, halafu inaijaribu ahadi moja baada ya nyingine. Asubuhi tunakuta kijani au nyekundu. Umeme ukikatika, hatukuti kitu.

Nitasimulia tukio moja, maana ndilo lililotula muda mwingi kuliko yote. Tulitunga mgonjwa wa kubuni, bibi wa Pangani, tukampa mwaka wa kuzaliwa tu: 1948. FHIR inakubali tarehe ya namna hiyo, mwaka peke yake au mwaka na mwezi. Seva ya mwanachama mmoja ikajibu 201, yaani rekodi imeundwa. Tulipomsoma tena yule bibi, alikuwa amezaliwa 1948-01-01. Januari mosi hiyo kaitoa nani? Fundi akashikilia kwamba 201 ni 201, na hifadhidata yake haipokei tarehe pungufu. Lakini hospitali nyingine ikiwa na kadi ya bibi yuleyule iliyoandikwa 1948-07, mashine itawaona ni watu wawili, na dawa zinazomdhuru zitabaki kwenye faili la yule mwingine. Mwishowe fundi aliongeza sehemu ya kuhifadhi tarehe kama ilivyoletwa. Tangu hapo kila jaribio letu linaandika, linasoma, kisha linalinganisha.

Lipo pia la makarani wawili kufungua rekodi moja kwa wakati mmoja. Anayerudisha marekebisho akitaja toleo lililokwisha kupitwa anapaswa kukataliwa kwa jibu la 412, yaani sharti la toleo halikutimia. Baadhi ya seva zenu bado zinampokea kimya kimya, na kazi ya mwenzake inapotea.

Kwa upande wa fedha, Mhazini atasoma yake. Niseme tu kwamba Inferno, programu tunayotumia, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Gharama ni jasho: majaribio yake mengi ya tayari yamefuata kanuni za Marekani, kwa hiyo ya kwetu tumeyaandika wenyewe, jioni baada ya kazi.

Jambo moja halikunifurahisha. Kuna mwanachama aliyetuletea nakala ya wagonjwa halisi "ili majaribio yawe ya kweli". Tuliifuta siku ileile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na wagonjwa wa kubuni tunao wa kutosha.

Matokeo ya jana usiku yamebandikwa mlangoni. Wenye nyekundu waje na mafundi wao Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nami nitakuwepo na wa kwangu. Seva ya zahanati yangu ni nyekundu tangu Ramadhani.

Mwenyekiti