Mtoto aliyefiwa asiambiwe ajikaze

Mhariri,

Mtaani kwetu Ujiji kuna mvulana wa darasa la nne aliyefiwa na mama yake. Tanga lilipoanuliwa tu akarudishwa shule. Hachezi, chakula anakigusagusa, darasani anasinzia. Mwalimu akamchapa akidhani ni uvivu, na nyumbani wajomba wanamwambia, "Jikaze, mwanamume halii."

Nilifundisha baiolojia sekondari hadi nikastaafu, na linaloniuma ni kwamba somo hili tunalo hapa hapa Kigoma. Mwaka 1972, kule Hifadhi ya Gombe, alikufa sokwe mzee aliyeitwa Flo. Mwanawe Flint alikuwa na miaka minane, umri wa kujitafutia chakula. Hakula. Alijitenga na wenzake, akadhoofika, na kabla mwezi haujaisha naye akafa. Marehemu Jane Goodall, mtafiti aliyewafuatilia sokwe hao kwa miaka, alieleza kisa hicho. Nani alimfundisha Flint huzuni?

Najua wapo wanaokwazika binadamu akitajwa pamoja na sokwe. Lakini tazameni watoto wao: hunyonya miaka minne, mitano, na wetu humtegemea mzazi muda mrefu zaidi. Kwa mamilioni ya miaka, mtoto aliyepiga kelele alipotengana na mama ndiye aliyefuatwa akaokotwa. Aliyenyamaza aliliwa na chui. Sisi ni uzao wa waliolia. Mama akifa, mwili wa mtoto unaendelea kumwita, na mwito huo hauzimwi kwa fimbo.

Gombe hiyo hiyo, mwaka 1987, maradhi yaliyofanana na nimonia yaliua sokwe kadhaa. Mel alibaki yatima akiwa na miaka mitatu, dhaifu, hakuna aliyetarajia angepona. Akachukuliwa na Spindle, dume kijana wa miaka kumi na miwili ambaye hawakuwa ndugu wa karibu, naye amefiwa na mama katika maradhi yale yale. Alimbeba, akamgawia chakula, usiku akalala naye kiotani. Mel akaishi.

Nawaomba walimu wakuu: mtoto akifiwa, mwalimu wa unasihi amwite siku ya kwanza anaporudi, akae naye, na walimu wote waarifiwe ili asiadhibiwe kwa kusinzia. Nanyi wajomba na shangazi, msimlaze peke yake. Awepo mkubwa wa kulala naye chumba kimoja, hata kwa miezi.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma