Kihungaria kifundishwe kwa kiwango, si kwa umri

Mhariri,

Baadhi ya shule za Jumamosi huko Marekani na Kanada, zinazofundisha Kihungaria kwa watoto wenye asili ya Hungaria, hupanga madarasa kwa umri, na hapo ndipo mambo huharibika. Mtoto wa miaka 10 anayezungumza na bibi yake kila siku huketi na mwenzake asiyejua hata kusalimia. Mmoja huchoka kungoja, mwingine hunyamaza kwa aibu. Wapangwe kwa uwezo wa kusikia na kusema.

Kusoma kuanze na sauti. Aliyezoea Kiingereza huona "s" akaitamka hivyo hivyo, kumbe kwa Kihungaria hiyo husomwa "sh". "Sz" ndiyo "s" yetu. Hizi mbili zisifundishwe wiki moja. Kisha vije viambishi: "házban" ni ndani ya nyumba, lakini bustanini ni "kertben". Irabu za shina ndizo zinazochagua -ban au -ben, kwa hiyo kukariri orodha hakufai kitu. Mtoto asikie maneno mengi ya kila aina mpaka sikio lizoee.

Historia nayo isiishie Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Ni kweli, watu wapatao 200,000 walikimbia nchi baada ya maasi ya 1956 dhidi ya utawala wa kikomunisti kuzimwa. Lakini zipo familia zenye asili ya Transylvania (sasa iko Romania) au Slovakia, maeneo ambayo Mkataba wa Trianon wa 1920, wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliyatenga na Hungaria. Ramani mbili, ya kabla na ya baada ya mkataba huo, zitundikwe ukutani, na kila mtoto aonyeshe kijiji cha wazee wake.

Walimu wa lugha