YAH: Malalamiko kuhusu gia boksi ya rivasi inayochomoka ikibeba mzigo

Kihonda, Morogoro
6 Mei

Meneja Mauzo,
Duka la Vipuri vya Pikipiki na Guta,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 9 Machi nilinunua kwenu gia boksi ya rivasi, ile ya kuliwezesha guta langu kurudi nyuma, kwa shilingi 185,000, nikatumiwa kwa basi kwa shilingi 8,000 nyingine. Nakala ya risiti ya EFD nimeiambatanisha, pamoja na picha nne.

Naanza na tuliyoongea kabla sijalipa, maana ndiyo mnayoyakana sasa. Nilimweleza kijana wenu wa mauzo kwamba guta ninaliunda mwenyewe: injini ya pikipiki ya Kichina ya cc 150, gia tano zote za mbele, cheni namba 428, na difu (gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) niliyoitoa kwenye skrepa. Nilimwambia na uzito, kilo 400 siku za soko. Akanijibu, na ujumbe bado uko kwenye simu yangu: "Fundi, hizi tunawauzia nyinyi mnaojiundia. Guta za kiwandani zinakuja nayo tayari." Akaongeza kuwa gia zake zimepikwa, yaani zimekomazwa kwa moto, na kila shafti inakaa kwenye beringi. Kwa maneno hayo nikatuma pesa.

Kufunga hakukunisumbua. Boksi limekaa katikati ya injini na difu, kwenye kibao cha chuma cha milimita 8 nilichokichomelea kwenye fremu. Mstari wa cheni niliupima kwa uzi kutoka spoketi hadi spoketi, ulegevu nikaacha sentimita mbili. Kabla ya kushusha jeki nilichora chaki kwenye tairi zote mbili za nyuma, nikazungusha kwa mkono: mkono wa rivasi ukiwa mbele, tairi zinaenda mbele; ukiuvuta, zinarudi. Siku hiyo watoto wa jirani walishangilia kuliko mimi.

Likiwa tupu lilirudi vizuri. Tabu ilianza wiki ya pili, Soko Kuu la Chifu Kingalu, nikiwa na magunia manne ya vitunguu. Nilikuwa narudi nyuma kupandisha kilima kidogo cha kuingilia, gia namba moja, taratibu. Ghafla ikasikika "kra!" chini ya kiti, mkono wa rivasi ukaruka wenyewe, na guta likaanza kuserereka mbele. Breki ililishika likiwa limeshapanda juu ya ndoo mbili za nyanya za mama mmoja. Nilimlipa shilingi 15,000 na kumwomba radhi. Zile hela siwadai, ila mjue kwamba pale pangeweza kuwa na mtoto amekaa badala ya ndoo.

Tangu hapo, kila nikirudi na mzigo, ilikuwa inachomoka. Kwa hiyo nikawa nashuka nasukuma kwa mabega kama zamani, tena nasukuma na uzito wa boksi lenu juu yake.

Nilipowapigia, fundi wenu alisema nimefunga vibaya. Nikamuuliza: cheni ingekuwa imepinda, mbona kwenda mbele haina tatizo hata chembe wiki zote hizi, na cheni haijaliwa upande? Akahamia kwenye sababu ya pili, kwamba nimebadilisha gia guta likiwa bado linatembea. Sitaficha: nilifanya hivyo mara moja, siku ya kwanza, uwanjani, bila mzigo. Baada ya hapo nasimama kabisa ndipo navuta.

Basi nikalifungua. Oili ilitoka na kung'aa kama rangi ya fedha, chembe za chuma zimejaa chini. Ile kola inayoteleza juu ya shafti kushika rivasi, meno yake yameviringika pembeni kama kipande cha sabuni kilichotumika. Jino la kushikana linatakiwa lisimame wima, au liingie ndani kidogo, ili mzigo ukizidi lizidi kujivuta kwa mwenzake. Haya yamelala, kwa hiyo kadiri injini inavyosukuma ndivyo yanavyosukumana kuachana. Nikapitisha tupa juu ya jino moja. Chuma kilichopikwa hukataa tupa, inateleza tu. Hiki kilichunika, na unga wake mnauona kwenye picha ya tatu. Picha ya nne ni shafti ya pili: haina beringi, ina bushi ya shaba tupu, nayo imeshalegea.

Jibu lenu la mwisho lilikuwa kwamba chombo cha kujiundia hakina dhamana. Hilo ndilo lililonifanya nikae niandike barua. Sikununua guta kwenu, nilinunua boksi, na mliniuzia mkijua linakwenda wapi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa, na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Mimi kazi niliieleza mpaka namba ya cheni.

Ninachoomba ni shilingi 193,000, yaani bei ya boksi na nauli ya kulileta. Boksi jingine la aina ileile silitaka hata kwa bure. Mkiwa na lenye beringi pande zote na meno yaliyopikwa, nipigieni simu ya video mkilifungua nione, tutazungumza nyongeza ya bei. Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Baada ya hapo nitapeleka nakala na picha hizi Tume ya Ushindani.

Boksi nimelifunga kwenye mfuko wa saruji, na zile chembe nimezitia kwenye kichupa ndani yake. Niambieni tu siku, nilipakie kwenye basi la asubuhi kwa gharama yenu.

Wenu,
Mteja mwenye risiti ya tarehe 9 Machi,
Fundi wa kuchomelea, Kihonda.