Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Meya: tenganisha deni la shule na deni la barabara

Mheshimiwa Meya,

Tunaunga mkono azma ya kukopa kwa hatifungani, yaani hati za mkopo ambazo manispaa huwauzia wawekezaji na kuwalipa baadaye pamoja na riba, ili kujenga madarasa na kutengeneza barabara. Paa linalovuja na barabara iliyotoboka haviwezi kungoja makusanyo ya kodi ya mwaka mmoja mmoja. Tunachopinga ni kuziweka kazi zote hizo katika hatifungani moja ya miaka 30, na tunakuomba urekebishe hilo kabla pendekezo halijafika kwa wapiga kura.

Jengo la shule lililojengwa vizuri huhudumu miaka 50 na zaidi. Tabaka la juu la lami huhitaji kuwekwa upya baada ya miaka 10 hadi 15, na mapema zaidi pale mitaro inapoziba. Chukua mkopo wa milioni 100 kwa riba ya asilimia 5, unaolipwa kwa mafungu sawa kila mwaka. Kwa miaka 10, fungu la mwaka ni karibu milioni 13 na jumla ni milioni 129.5. Kwa miaka 30, fungu linashuka hadi milioni 6.5, lakini jumla inapanda hadi milioni 195. Fungu dogo linavutia kwenye bajeti. Ila baada ya miaka 12, lami ikiwa imechakaa, bado mtadaiwa milioni 76 kati ya zile 100. Mtakopa tena kwa lami ya pili huku mkiendelea kulipia ya kwanza.

Kwa hiyo toeni hatifungani mbili: ya majengo imalizike kulipwa kwa miaka 25 au 30, ya lami isizidi miaka 12. Madaraja, makalavati na tuta la udongo linalobeba barabara mpya vinaweza kubeba miaka 20. Madawati, kompyuta na magari yasiingie kabisa humo. Hayo ni ya bajeti ya kawaida.

Jihadharini pia na ofa ya kuanza kulipa baadaye. Mwaka 2011, wilaya ya shule (mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo) ya Poway, California, Marekani, ilikopa takriban dola milioni 105 kwa hatifungani ambazo malipo yake yaliahirishwa kwa miaka 20. Riba ikijilimbikiza juu ya riba, jumla ya kulipa inakaribia dola bilioni 1. Mwaka 2013 jimbo hilo lilitunga sheria kwamba hatifungani za shule za aina hiyo zisizidi miaka 25, na malipo yote yasizidi mara 4 ya kiasi kilichokopwa. Mshauri wenu wa fedha alipwe ada maalumu iliyotajwa mapema, wala asilipwe kwa asilimia ya mkopo, na asiwe yule yule anayeuza hatifungani. Anayelipwa kwa asilimia hana sababu ya kuwashauri mkope kidogo.

Makadirio nayo yanahitaji kufunguliwa upya. Kosa la kawaida ni kuzidisha mita za mraba za sakafu kwa bei ya soko, kisha kuita hiyo gharama ya shule. Humo hakuna upimaji wa udongo, vyoo, maji, umeme, uzio, mifereji ya maji ya mvua, usimamizi wa mhandisi wala vipimo vya zege. Hakuna pia kupanda kwa bei: kwa asilimia 6 kwa mwaka, kazi ya milioni 100 leo ni milioni 119 baada ya miaka 3. Tengeni akiba ya dharura ya asilimia 10 kwa jengo jipya na walau 15 kwa ukarabati, kwa kuwa ubovu wa nguzo na mbao za paa huonekana baada ya kubomoa plasta na dari.

Riba huanza kuhesabiwa siku hatifungani inapouzwa, hata kama michoro haijakamilika. Uzeni kwa awamu. Awamu ya kwanza ichukue miradi yenye usanifu wa kina, hati ya ardhi na kibali cha ujenzi mkononi tu.

Kisha kuna mpangilio wa kazi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili unaobeba magurudumu): uzito ukiongezeka mara mbili, uharibifu unafika karibu mara 16. Malori ya kokoto, nondo na saruji ya kujengea shule yakipita juu ya lami mpya, yatakula miaka yake kabla watoto hawajaingia darasani. Jengeni shule kwanza, halafu wekeni lami kwenye barabara inayoelekea huko. Mabomba ya maji na ya majitaka, pamoja na nyaya, vilazwe kabla ya lami. Lami ikishakatwa, maji hupenya kwenye kingo za kiraka, tabaka la chini hulainika, na shimo hurudi pale pale. Mitaro iwe sehemu ya mkataba ule ule wa barabara, na mkandarasi asilipwe fungu la mwisho kabla haijapitisha maji ya msimu mmoja wa mvua.

Wapiga kura wapewe orodha inayotaja kila shule na idadi ya madarasa, kila barabara na urefu wake, na kiasi kilichotengwa. Fedha zikae katika akaunti ya peke yake, ikaguliwe kila mwaka na kamati ya wananchi wasio na zabuni katika miradi hiyo, na ripoti ibandikwe hadharani. Salio lolote lilipe deni.

Tunaomba jedwali la malipo ya kila hatifungani, mwaka kwa mwaka hadi fungu la mwisho, litangazwe walau siku 60 kabla ya kura, likiambatana na gharama ya matunzo ya kila mwaka na chanzo cha fedha zake, kwa sababu hatifungani haitalipia kuzibua mitaro wala kupaka paa rangi.

Wahandisi, wakadiriaji majenzi na wahasibu, wakazi wa manispaa